Safari ya Musoma, Butiama na Bunda: Gari Lililopoteza Nguvu

Na Mwandishi Wetu

MJI WA MUSOMA

Musoma ni mji ulio kando ya Ziwa Viktoria. Ni makao makuu ya Mkoa wa Mara. Mji huu uko juu ya rasi, yaani ardhi iliyoingia majini. Mahali pengi mjini, ukiinua macho unaliona ziwa. Unaona pia mawe makubwa yaliyopandana, kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Sokoni wananchi wananunua dagaa, sato na sangara. Watu wa makabila mengi wanakutana hapa. Kuna Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo na wengine. Wote wanaelewana kwa Kiswahili.

Mji huu una sifa katika habari za elimu. Shule ya Mwisenge iko hapa. Mwalimu Julius Nyerere alianza kusoma katika shule hiyo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kwao ni Butiama, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka Musoma.

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Mkutano huo ulitoa Azimio la Musoma. Azimio lilitaka watoto wote wa Tanzania wapate nafasi ya elimu ya msingi kufikia mwaka 1977.

Hata kabla ya hapo watu wazima wa Mara walikuwa wameanza kusoma. Mwaka 1968 mikoa minne ya Ziwa iliingia katika mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Mikoa hiyo ni Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao siku hizi unaitwa Kagera. Mpango huo ulisaidiwa na UNESCO. Watu walisoma huku wakijifunza kazi zao, kama vile kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji. Kusoma na kazi vilikwenda pamoja.

Habari hii inahusu safari moja ya gari. Ndani yake utaona jinsi daftari la shilingi chache lilivyookoa fedha nyingi za wakulima.

GARI LA KIKUNDI

Kikundi kimoja cha wakulima wa pamba katika Wilaya ya Butiama kina gari. Ni pikapu ya zamani, inayotumia petroli. Injini yake ina silinda nne. Gari hilo linabeba mbegu, dawa ya pamba na mazao. Usiku mgonjwa akizidiwa, gari hilo hilo linampeleka hospitali. Kwa hiyo gari likilala, kijiji kizima kinalala nalo.

Tulipofika Musoma tulimkuta dereva wa gari hilo pamoja na katibu wa kikundi, ambaye ni mama wa makamo. Nyuma ya gari kulikuwa na mifuko 10 ya saruji. Kila mfuko una kilo 50, kwa hiyo mzigo ulikuwa kilo 500. Saruji hiyo ilikuwa ya kusakafia darasa la shule.

Lakini nyuso zao hazikuwa na furaha. Gari lilikuwa na sauti ngeni. Tena nguvu zilikuwa zimepungua. Zamani lilipanda mlima na mzigo kwa gia ya tatu. Sasa hata gia ya pili lilihangaika. Petroli nayo ilikuwa ikiliwa kuliko kawaida.

Walikuwa wamelipeleka kwenye karakana moja mjini. Fundi wa pale alisikiliza sauti kwa dakika chache. Akasema, "Injini hii imekwisha. Nunueni nyingine."

Bei ya injini nyingine ilikuwa karibu sawa na fedha zote ambazo kikundi kilipata kwa pamba ya mwaka huo. Kama wangeinunua, wasingebaki na fedha za mbegu na dawa kwa msimu uliofuata.

"Mama Katibu, mimi naona tusikubali upesi," dereva alisema. "Bunda kuna fundi mzee. Zamani alifanya kazi ya mitambo ya kuchambua pamba. Twende atusikilizie."

"Na gari likifia njiani?" katibu aliuliza.

"Ndiyo maana tutakwenda polepole. Na nitalichungulia kila tutakaposimama."

Basi wakakubaliana. Wapeleke kwanza saruji Butiama, kisha waende Bunda. Nasi tukapewa nafasi ya kukaa mbele.

MAKUTANO JUU

Kutoka Musoma barabara inakwenda kusini mashariki mpaka Makutano Juu. Hapo inakutana na barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Tarime na Sirari, mpakani mwa Kenya. Ukishika kulia unakwenda Kiabakari na Bunda. Ukishika kushoto unakwenda Mto Mara na Tarime. Ukivuka barabara kuu unaelekea Butiama.

Tulisimama pale Makutano Juu. Dereva alitaka kujua jambo la kwanza: Je, sauti inatoka kwenye injini au kwenye magurudumu?

Jambo hili ni rahisi kulipima. Gari likiwa limesimama, dereva aliweka gia huru na kuvuta breki ya mkono. Akaacha injini inguruma. Tukasikia sauti: chwi, chwi, chwi, chwi. Akakanyaga mafuta kidogo. Sauti ikaenda mbio pamoja na injini. Akaachia. Sauti ikapungua mwendo.

"Magurudumu hayazunguki, lakini sauti ipo," alisema. "Basi haitoki kwenye magurudumu wala kwenye difu. Iko kwenye injini."

Kisha akatoa daftari chini ya kiti. Dereva huyu hakusoma utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Tangu hapo ana desturi ya kuandika kila jambo la gari. Anaandika tarehe, petroli, oili, mzigo na matengenezo. Wenzake wengine humcheka. Humwambia, "Gari halisomi, unaliandikia nini?"

Akaandika: "Makutano. Sauti ipo gari likiwa limesimama. Inafuata mwendo wa injini." Akafunga daftari, tukaondoka.

MLIMA WA BUTIAMA

Kutoka Makutano nchi inaanza kuinuka. Kuna mashamba ya mihogo, mahindi na mtama. Kuna ng'ombe wengi. Mawe makubwa yanaonekana tena, mengine makubwa kuliko nyumba.

Butiama ni kijiji chenye historia kubwa. Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mwalimu alipoacha urais mwaka 1985, alirudi hapa na kuendelea na kilimo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa hapa Butiama, mahali panapoitwa Mwitongo. Kuna pia jumba la makumbusho linaloonyesha maisha yake. Wanafunzi na wageni wengi huja kulitazama.

Kabla ya kufika kijijini gari lilishindwa. Tulikuwa kwenye mwinuko. Dereva alikuwa gia ya pili. Sauti ikawa kubwa sana: chwi! chwi! chwi! Injini ikatetemeka. Akaingia gia ya kwanza. Gari likasonga kidogo, kisha likasimama. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu.

Katibu alishuka, akalitazama gari na mzigo wake. "Labda yule wa mjini alisema kweli," alisema polepole.

Dereva hakujibu. Alizima injini, akafungua boneti. Akasubiri kidogo oili ishuke. Kisha akaanza kuchunguza kitu kimoja kimoja.

Kwanza, oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Oili ilikuwa kwenye alama yake. Haikuwa na rangi ya maziwa. Kama maji yakiingia kwenye oili, oili huwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa. Tena njia nzima taa nyekundu ya oili haikuwaka.

Pili, maji. Mshale wa joto ulikuwa mahali pake. Dereva hakufungua kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa moto, maji yale yanaweza kuruka na kumchoma mtu uso. Alisubiri karibu saa nzima. Ndipo akafungua kwa kitambaa, taratibu. Maji yalikuwa yamejaa. Aliwasha injini akatazama tena. Hapakuwa na mapovu yanayochemka ndani ya maji. Kwa hiyo gasketi ya kichwa cha silinda haikuonekana kuwa imeungua.

Tatu, klachi. Klachi ikiteleza, injini hunguruma kwa nguvu lakini gari haliendi. Hapa haikuwa hivyo. Injini yenyewe ndiyo iliyochoka. Kwa hiyo klachi haikuwa na kosa.

Nne, hewa. Alifungua chujio la hewa. Lilikuwa na vumbi. Alilikung'uta, akalirudisha. Injini ikapumua vizuri kidogo, lakini sauti ilibaki vile vile.

Aliandika yote katika daftari. Kisha akasema, "Mama Katibu, ninalojua ni hili. Oili ipo. Maji yapo. Klachi ni nzima. Kitu kinavuja pumzi juu ya injini, upande huu. Sina spana ya kufikia pale. Lakini kwa oili na maji haya, tukienda bila mzigo tutafika Bunda."

Tulishusha mifuko mitano kwenye nyumba ya jirani. Gari likapanda na mifuko mitano. Likarudi, likachukua mitano mingine. Siku hiyo darasa lilipata saruji yake yote.

INJINI INAPATA WAPI NGUVU?

Ndugu msomaji, kabla ya kufika Bunda, tueleze kidogo kazi ya injini.

Injini ya petroli ya aina hii ilianzia Ujerumani. Mwaka 1876 mtu aitwaye Nikolaus Otto alitengeneza injini inayofanya kazi kwa hatua nne. Injini nyingi za petroli mpaka leo zinafuata hatua hizo.

Ndani ya injini kuna matundu ya mviringo yanayoitwa silinda. Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Hatua ya kwanza, pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hatua ya pili, inapanda na kuibana hewa hiyo. Hatua ya tatu, plagi inatoa cheche, petroli inawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Hapo ndipo nguvu ya gari inapotoka. Hatua ya nne, pistoni inapanda tena na kuutoa moshi.

Fikiri juu ya pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Utasikia hewa inakataa, inasukuma kidole. Sasa legeza kidole kidogo. Hewa inatoka kwa sauti: chwii! Na nguvu yote inapotea. Silinda ya injini ni hivyo hivyo. Ikiwa na mahali panapovuja, mambo mawili yanatokea pamoja. Unasikia sauti, na nguvu inapungua.

Mzigo ukiwa mwingi dereva anakanyaga mafuta zaidi. Msukumo ndani ya silinda unakuwa mkubwa. Ndiyo sababu sauti ya kuvuja huwa kubwa zaidi mlimani.

FUNDI WA BUNDA

Kesho yake tulirudi Makutano Juu tukashika njia ya kusini. Tulipita Kiabakari, mahali ambapo zamani palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu. Gari lilikwenda polepole. Mabasi yalitupita kwa honi. Mbele yetu ilionekana milima iliyo karibu na Bunda.

Bunda ni mji wa biashara. Uko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Wakulima wa pamba wanaufahamu sana, kwa sababu ya viwanda vya kuchambua pamba. Upande wa mashariki na kusini nchi inaelekea kwenye Hifadhi ya Serengeti. Ukienda magharibi unafika ziwani.

Fundi tuliyemtafuta alikuwa chini ya mti, amekaa juu ya gurudumu la zamani. Ni mzee mwenye mvi. Pembeni walikuwapo vijana wawili wanaojifunza kazi.

"Shikamoo mzee," dereva alisema.

"Marahaba. Habari za Butiama?"

"Nzuri, mzee. Ila gari linaumwa."

Mzee hakukimbilia boneti. Aliuliza maswali. Sauti ilianza lini? Ilianza ghafla au polepole? Kabla ya kuanza, gari lilifanyiwa nini? Husikika zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, au ikiwa moto? Husikika zaidi likiwa tupu, au lenye mzigo?

Dereva alifungua daftari, akasoma kwa sauti:

"Tarehe 3. Plagi zote zimesafishwa mjini.

"Tarehe 5. Sauti ndogo imeanza. Gari tupu.

"Tarehe 9. Mlima kwa gia ya pili. Petroli imeliwa zaidi.

"Tarehe 11. Sauti imekuwa kubwa. Oili haikupungua."

Mzee alimtazama yule dereva. "Soma tena tarehe 3 na tarehe 5."

Dereva akasoma tena.

"Umenifanyia nusu ya kazi," mzee alisema. Akawageukia vijana wake. "Mmesikia? Gari lilikuwa zima. Plagi zikaguswa. Baada ya siku mbili sauti ikaanza. Mtu akiugua baada ya kula, muulize kwanza alichokula."

PLAGI MOJA

Injini iliwashwa. Mzee alichukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja. Ncha moja akaiweka sikioni. Ncha nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini, mbali na feni na mkanda wake. Kwa njia hiyo alisikia mahali pamoja pamoja, bila kuchanganyikiwa na kelele nyingine. Alipofika silinda ya tatu akasimama.

Kisha akachukua koleo lenye mpini wa mpira mkavu. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikatetemeka, ikataka kuzimika. Akaurudisha. Akachomoa wa pili. Ikatetemeka vile vile. Akachomoa wa tatu. Injini haikubadilika sana. Akachomoa wa nne. Ikatetemeka tena.

"Ya tatu haifanyi kazi yake," alisema. "Ndiyo maana hata ukiiondoa, wenzake hawaoni tofauti."

Jambo hili ni la fundi mwenye uzoefu. Umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti. Unaweza kumtupa mtu. Msomaji usijaribu kwa mkono mtupu.

Injini ikazimwa. Ikaachwa ipoe. Mzee akamwita kijana mmoja aweke spana kwenye plagi ya tatu. Kijana alijiandaa kuvuta kwa nguvu. Lakini spana iligeuka kwa vidole viwili tu. Plagi ilikuwa imelegea. Pembeni yake palikuwa na weusi wa masizi, mahali moto ulipokuwa ukitoroka. Walipoitoa waliona kwamba hata pete yake ndogo ya chuma, yaani washa, haikuwapo.

Siku plagi ziliposafishwa, hii moja ilirudishwa bila washa. Tena haikukazwa sawasawa. Kila gari lilipotembea ilizidi kulegea.

Tulinyamaza. Katibu aliuliza, "Ni hiyo tu, mzee?"

"Ngoja kwanza tuone njia zake," mzee alijibu. Alimaanisha mikato ya mviringo ambayo plagi hujifungia. Akamulika kwa tochi. Ilikuwa mizima. "Mna bahati. Mngeendelea mwezi mmoja na mizigo, plagi ingeruka na kuharibu njia hizi. Hapo mngelipa fedha nyingi kweli."

Alichukua plagi nyingine ya aina ile ile, yenye washa yake. Aliiingiza kwa vidole mpaka ikafika mwisho. Hakuanza na spana. Ukianza na spana unaweza kuingiza plagi kombo na kukata njia zake. Ilipofika mwisho, akaikaza kwa spana kwa kiasi cha nusu mzunguko, kama ilivyo kwa plagi mpya yenye washa. Hakukaza zaidi. Kukaza kupita kiasi nako kunaharibu. Kisha akakagua zile tatu nyingine. Mwisho akalifungua chujio la petroli na kulisafisha.

Injini ikawashwa. Ile chwi, chwi haikusikika. Injini ililia sauti moja, tulivu.

Katibu aliuliza kwa nini fundi wa kwanza alisema injini imekwisha. Mzee hakumtukana mwenzake. Alisema, "Sauti ni shahidi mmoja. Usihukumu kwa shahidi mmoja. Uliza oili, uliza maji, uliza plagi, uliza na daftari. Injini iliyokufa kweli husema go, go, go kutoka chini. Hii ilikuwa inalia juu."

Mzee alituambia kwamba yeye pia alijifunza kusoma ukubwani, kijana, wakati wa madarasa ya kisomo. Kabla ya hapo alikuwa akikariri vipimo vya mitambo kichwani. "Kichwa kinasahau," alisema. "Karatasi haisahau, ukiitunza mvua isiifikie."

Alidai malipo ya plagi moja na ya kazi yake. Kisha akataka gari lijaribiwe kwa mzigo, maana gari tupu linaweza kudanganya. Katibu alikuwa amekusudia kununua mashudu ya pamba kwa ajili ya ng'ombe. Magunia yalipakiwa. Tukalipandisha gari kwenye mwinuko. Dereva alishika gia ya tatu, na gari likapanda bila kulalamika. Katibu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Musoma.

Injini ya silinda nne ni kama watu wanne wanaovuta mtumbwi kuutoa majini. Mmoja akiteleza, wale watatu wanachoka na mtumbwi hausogei. Hakuna haja ya kununua mtumbwi mwingine. Msimamishe yule aliyeteleza.

Baada ya safari hiyo kikundi kilifanya mkutano. Fedha za pamba zilibaki kwa ajili ya mbegu na dawa. Wanakikundi waliamua kununua spana ya plagi ikae ndani ya gari. Pia waliamua kwamba daftari la gari lisomwe mbele ya mkutano kila mwezi. Sasa hakuna anayemcheka dereva.

MAGARI YA SIKU HIZI

Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta ndogo ndani yake. Injini ikiwa na kasoro, taa ya rangi ya njano yenye picha ya injini huwaka mbele ya dereva. Fundi huunganisha kifaa maalumu na kusoma namba ya kosa. Magari hayo usichomoe waya wa plagi huku injini inafanya kazi. Unaweza kuharibu vifaa vya umeme vya bei kubwa.

Lakini hata kifaa hicho hakimalizi kazi. Namba inaweza kusema kwamba silinda ya tatu haiwaki. Haisemi kama plagi imelegea, au imekufa, au petroli haifiki. Bado fundi anapaswa kutazama, kusikiliza na kuuliza.

Gari la dizeli nalo halina plagi za cheche. Likipoteza nguvu, anza na chujio la hewa na chujio la dizeli. Vumbi, na maji yaliyoingia kwenye dizeli, husumbua mara nyingi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Usiseme, "Tutafika tu."

2. Mshale wa joto ukipanda sana, simama. Usifungue rejeta mpaka ipoe.

3. Sauti ya go, go, go kutoka chini ya injini ni ya hatari. Usiendelee na safari. Mwite fundi.

4. Sauti ya ta, ta, ta nyepesi kutoka juu inaweza kuwa valvu zinazotaka kurekebishwa, au oili kidogo.

5. Sauti ya chwi, chwi pamoja na kupungua nguvu ni dalili ya kuvuja. Tazama plagi, gasketi na maungio ya ekzosi.

6. Sauti ya mluzi mkali mbele ya injini mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea.

7. Injini ikikimbia lakini gari haliendi, shuku klachi.

8. Kabla ya kukubali kununua injini, muulize fundi, "Umepima nini?" Kama amepima kwa sikio tu, tafuta fundi wa pili.

9. Andika tarehe, kazi iliyofanywa, na siku tatizo lilipoanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Dereva alijuaje kwamba sauti haikutoka kwenye magurudumu?

2. Kwa nini sauti ilikuwa kubwa zaidi kwenye mlima wa Butiama?

3. Fundi wa Bunda alipata msaada gani kutoka kwenye daftari?

4. Kijijini kwenu kuna mashine gani: ya kusaga, ya kuvuta maji, pikipiki, au trekta? Je, ina daftari? Nani anaandika, na nani anasoma?